Milango Itolewe

Siafu hakuwa na kitako. Mkewe alizoea kusema kwamba mwanamume yule anakula amesimama, anavaa akitembea, na siku atakayokufa itabidi wamfunge kamba ndipo atulie. Jina la Siafu alipewa na mafundi wenzake, nalo likamganda mpaka wateja wakawa hawajui la pili. Alikuwa mkandarasi mdogo mwenye kazi mbili kwa wakati mmoja kila siku, na akiwa kwenye moja roho yake ilikuwa kwenye ile nyingine.

Asubuhi hiyo aliingia kwenye jengo la zamani la shule huku simu iko sikioni, akigombana na mtu wa mchanga. Alipofika kwenye korido alikata simu bila kuaga. Korido ilikuwa tupu. Milango minne ya madarasa, ile aliyoing'oa mwenyewe kwenye bawaba na kuiegemeza ukutani kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai, haikuwapo.

Haikuwa milango ya mchezo. Ilikuwa ya mbao ngumu, mizito, mirefu kupita kichwa cha mtu na mkono wake juu, iliyotengenezwa na kutiwa nakshi na mafundi ambao sasa ni marehemu wote. Kamati ya shule ilimpa Siafu kazi ya kukarabati jengo hilo kwa sharti moja tu: kinachofaa kurudi kirudi. Matofali yasuguliwe yarudi, vigae virudi, madirisha yarudi, milango irudi. Siafu, ambaye kwa miaka mingi dereva wa lori la kifusi alikuwa rafiki yake kuliko ndugu zake, alikubali kwa mbwembwe. "Mama Mwenyekiti," alimwambia mwenyekiti wa kamati, "kwenye kazi hii hata msumari hautalala jalalani." Tena alianza kuipenda kazi ya namna hiyo. Mbao na plaiwudi za kufungia zege mpaka likauke alikuwa sasa akizikaza kwa skrubu badala ya misumari, akizifungua bila kuzipasua na kuhama nazo kutoka jengo hili hadi lile. Kumbe mtu anaweza kujenga bila kuacha kichuguu cha takataka nyuma yake! Jambo hilo lilimshangaza na umri wote ule.

Na leo alasiri Mwenyekiti alikuwa anakuja kuangalia. Akiridhika, jengo la pili la shule lingekuwa la Siafu pia.

Akatoka nje mbio. Pale getini, kwenye kiti chake, alikaa mlinzi wa vifaa, amevaa kofia yake safi na viatu vilivyong'arishwa. Mlinzi huyo alikuwa baba mkwe wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Mmeamkaje huko?"

"Salama tu. Baba, ile milango ya pale koridoni... iko stoo?"

"Imetolewa," mzee akajibu, uso umemkunjuka kwa furaha. "Kama ulivyosema. Haukubaki hata mmoja."

"Imetolewa ikapelekwa wapi?"

"Kwa watu."

Siafu akahisi masikio yanawaka moto. Mzee akaendelea bila haraka. Mmoja alimpa Mama Genge, yule muuza nyanya wa kona, aliyekuwa akipanga bidhaa zake chini. Mmoja kwa kinyozi, mmoja kwa fundi cherehani. Na mmoja kwa yule bibi wa kuku aliyekuwa akilala na gunia mlangoni. Wenyewe walikuja kubeba, kila mtu na jirani zake, kwa nderemo.

"Na wote wamekuombea dua," mzee akamalizia.

"Wameniombea mimi?"

"Wewe, ndiyo. Niliwaambia aliyetoa ni mkwe wangu. Mimi ni mkono tu."

Sasa, angekuwa mtu mwingine yeyote, Siafu angepiga kelele hadi mabati yakatetemeka. Lakini baba mkwe hapigiwi kelele. Hata kuamrishwa haamrishwi. Tangu alipomleta mzee kazini, Siafu hakuwahi kumwambia "fanya hiki" au "beba kile". Mdomo wenyewe ulikuwa unakataa. Alisema kwa kuzunguka, kama mkwe mwenye adabu: geti lifungwe, maji yatekwe, saruji ifunikwe. Na jana, akiwa kule kwenye kazi yake nyingine, huku anamkaripia mtu wa kokoto, alipiga simu akasema, "Baba, ile milango ya koridoni itolewe leo, isibaki hata mmoja, kesho tunamwaga zege hapo." Akakata. Alitaka itolewe koridoni, iingizwe stoo. Adabu yake ilimla mwenyewe.

Akamshukuru mzee, maana angesema nini? Akaenda nyuma ya jengo akampigia mkewe.

"Ulimwambiaje?" mkewe akauliza.

"Nilimwambia milango itolewe."

"Basi si kaitoa!" Mkewe akacheka, halafu kicheko kikamkatika. "Sikiliza, baba watoto. Unakumbuka baba alivyokuwa baada ya kustaafu? Mtu aliyepikia hospitali nzima, akabaki kulala kitandani anatazama dari kutwa. Kazi hiyo ndiyo iliyomwamsha. Ukimwambia amekosea, anarudi kitandani na hatainuka tena. Na kamati wakisikia mlinzi ndiye aliyegawa mali ya shule, unajua watamwita jina gani."

"Mwizi."

"Umelisema wewe. Mimi simo. Ila usimwaibishe baba yangu."

Siafu akatia simu mfukoni, akaitoa, akaitia tena. Milango ilipaswa kurudi kabla ya alasiri, na mzee asijue kwamba imerudishwa kwa sababu yake. Alimwita seremala wake, aliyeitwa Patasi, akamwambia asiende popote, kisha akaingia mtaani kwa miguu kwa sababu pikapu yake ilikuwa imezibwa na lori la mchanga, lile lile alilokuwa akilipigia kelele lije.

Kwa Mama Genge aliukuta mlango umelazwa juu ya mapipa mawili, na juu yake nyanya, vitunguu na karoti vimejipanga kwa mafungu. Alikuwa ameshatunga maneno njiani: kumetokea makosa, mali ya shule, samahani sana. Hakuwahi kuyasema.

"Huyo! Ndiye huyo!" Mama Genge akapaza sauti, akatoka nyuma ya meza yake mpya na kumshika mikono yote miwili. "Jamani mtazameni mtu mwenyewe! Miaka yote nimeinama mpaka mgongo umekuwa upinde, leo nauza nimesimama. Kutoa ni moyo, baba, si utajiri. Mungu akuzidishie!"

Wateja wakaitikia amina. Siafu naye akajikuta anaitikia. Dakika chache baadaye alikuwa anaondoka na mfuko wa nyanya za bure na bila mlango. Alijichukia, akaongeza mwendo.

Kinyozi naye alisimamisha wembe katikati ya kichwa cha mteja ili aje kumpa mkono. Mlango ulikuwa umeegemezwa nje ya kibanda, mrefu kuliko kibanda chenyewe.

"Mlango umenizidi kimo, bosi," kinyozi akasema akicheka, "lakini usijali, utakatwa. Fundi wa mtaa ameanzia kwa bibi wa kuku, akimaliza anakuja hapa na msumeno wake."

"Ameanzia nini?"

"Kuukata. Wa bibi nao ni mrefu vile vile."

Siafu hakuaga. Alikimbia, mtu mzima na kitambi chake, nyanya zikimruka mfukoni na kudondoka barabarani moja moja, na watoto wakimshangilia kama mkimbiaji wa mashindano. Alikuwa akihesabu moyoni: kukata mlango ule kwa msumeno wa mkono si kazi ya mchezo, mbao ile inauma meno ya chuma, huenda fundi amechoka katikati, huenda ameacha akanywe maji. Ee Mungu, awe amekwenda kunywa maji.

Fundi wa mtaa alikuwa ameketi juu ya ndoo, anajifuta jasho. Mlango ulikuwa umelala chini mbele yake, umefupishwa upande wa chini kwa kiasi cha mkono mzima. Kipande kilichokatwa kilikuwa tayari jikoni kwa bibi, chini ya sufuria, kinatoa moshi wenye harufu nzuri.

"Ni mti mgumu huu," fundi wa mtaa akamwambia, kama anayempongeza. "Msumeno wangu umekwisha."

Siafu alichuchumaa akapitisha kidole kwenye mkato mpya. Mlango uliopita vita na mafuriko na wanafunzi wa vizazi vyote, umekutana na yeye Siafu, haukumaliza siku mbili. Alitaka kulia, na kwa kuwa hakuzoea, ilimtoka kama kikohozi.

Bibi wa kuku akatoka ndani, mdogo, amejitanda kanga. Akamwambia kwamba usiku mwingine wezi huja mpaka kwenye gunia, wanalisukuma kwa mguu, na yeye anajifanya anakohoa kiume. Alipokea mlango huo akalala, akasema, hata kabla haujasimama. Alilala kwa kujua tu kwamba upo.

Pale ndipo Siafu alipoona kitu ambacho angekiona tangu mwanzo kama angesimama kidogo. Hata baada ya kukatwa, mlango ulikuwa mpana mno kwa tundu la nyumba ya bibi. Ungehitaji kukatwa ubavuni pia, na ungebaki kipande kisicho na sura. Kwa Mama Genge nyanya zilikuwa zinabingirikia kwenye vijibonde vya nakshi. Hakuna aliyekuwa amepata alichohitaji. Walikuwa wamepata kikubwa zaidi wakakipokea kwa shukrani, kama anayepewa kiatu cha jitu.

"Bibi," akasema, na uongo ukamjia laini kuliko ukweli wote wa asubuhi hiyo, "huu si wako. Wako bado tunautengeneza. Baba mkwe alikupa huu ukukinge kwa muda tu, mpaka wako wa kipimo uwe tayari. Leo leo unakuja."

Bibi akamkazia macho. "Na utafunga kwa komeo?"

"Kwa komeo, bibi. Kwa ndani."

Alirudi kazini mbio. Yeye na Patasi wakavuta zile plaiwudi za kufungia zege, zilizokwisha kushika nguzo na mikanda ya zege ya majengo kadhaa na bado hazijapinda. Wakakwangua saruji iliyoganda, wakapima, wakakata, wakaunga fremu kwa vipande vya mbao vilivyobaki, wakakaza skrubu zile zile za kila siku. Patasi aliuliza mara moja tu kulikoni, akajibiwa kwa jicho, akarudi kwenye msumeno. Bawaba walizipata kwenye boksi la vyuma vilivyong'olewa. Siafu aliona mbao zake zinaisha, na jengo lake lingine lilikuwa linahitaji mbao hizo keshokutwa. Akasema liwalo na liwe.

Lori la mchanga lilipoondoka, pikapu ikaanza kuzunguka mtaani. Bibi alifungiwa mlango wake, akalisukuma komeo mara nyingi, ndani, nje, ndani, kama mtoto na kidude kipya. Kinyozi aliupenda wake kwa sababu unafunguka bila kugonga kichwa cha mteja. Mama Genge alipata meza iliyo sawa, nyanya zikatulia. Aliyesumbua ni fundi cherehani, ambaye alikuwa ameshatandaza kitambaa cha suti ya bwana harusi juu ya mlango wake na hakutaka kuguswa.

"Mtu akitoa kitu hakidai," akasema, sindano mdomoni.

"Sidai. Nabadilisha."

"Kubadilisha ni mdogo wake kudai."

Patasi ndiye aliyeuchukua ubao waliomletea, akatandika kitambaa chakavu juu yake, akapitisha mkasi wa fundi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Fundi cherehani akatazama nakshi za mlango wake, zilizokuwa zimemkwamisha tangu jana, akaguna, akaanza kukunja suti.

Mwenyekiti alipofika milango mitatu ilikuwa imeegemezwa stoo, mizima, imepanguswa. Wa nne ulikuwa pembeni, mfupi. Mama huyo alikuwa mtu wa maneno machache, mwalimu mstaafu. Aliigusa milango mmoja mmoja kwa kiganja. Alipofika kwenye ule wa nne akainama.

"Huu umekatwa."

"Ndiyo, mama."

"Leo?"

Mzee, baba mkwe, alikuwa amewafuata mpaka pale, kofia mkononi. Alianza kusema, "Mama, milango hii..."

"Niliitoa mimi," Siafu akamkata kauli, kwa mara ya kwanza tangu aoe. "Jana. Niliwapa watu wa mtaani bila kuuliza kamati. Leo nimeirudisha, lakini mmoja nimechelewa kuuokoa. Nitauunga kwa mbao ya aina ile ile nikiipata. Alama itabaki."

Mwenyekiti akanyooka polepole. "Mali ya shule si yako ya kutoa."

"Najua, mama."

"Ulisema hata msumari."

"Nilisema."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira, na hilo likaumiza zaidi. Amalize jengo hili, akasema. La pili, kamati ingekaa upya na kutafuta mtu. Akaondoka kwa hatua zake za darasani, na hakugeuka.

Siafu alibaki ameikazia macho sakafu. Jengo la pili lilikuwa limekwenda, plaiwudi zake zimekwenda, na bado alikuwa na nafuu fulani kifuani: mzee alikuwa amesimama pale, hana doa, hakuna aliyemwita jina. Angalau hilo amelishika.

"Kwa nini umemdanganya yule mama?" mzee akauliza.

"Si ulishawaambia watu wote kwamba aliyetoa ni mimi, baba? Ningekufanya mwongo?"

Mzee hakucheka. Aliivaa kofia yake, akaivua.

"Mkwe, mimi si kiziwi. Nimeona pikapu ikipita na milango tangu mchana. Tena nilijua tangu jana kwamba hukukusudia nigawe."

Siafu akainua macho. "Ulijua?"

"Nilijua ulikusudia itupwe."

"Itupwe? Baba, itolewe koridoni tu! Iingie stoo!"

"Hukusema stoo." Mzee alisema taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Ulisema itolewe, isibaki hata mmoja. Ulipokuja kututengenezea nyumba, ulisimama kwenye chumba chetu ukaniambia, 'Baba, dirisha hili litolewe.' Nikakubali. Nilidhani utalipaka rangi ulirudishe. Jioni nimerudi nimekuta la vioo vipya, na lile limekwenda na lori. Mama mkwe wako alikuwa akikaa kwenye dirisha lile, mpaka siku zake za mwisho ndilo alilokuwa akishika akiinuka. Sehemu ya mkono wake ilikuwa imelainika pale kwenye mbao. Sikukwambia. Ulikuwa umefanya kwa wema, na mkwe hakemewi."

Siafu alijaribu kulikumbuka dirisha hilo. Alikumbuka nyumba, alikumbuka vioo vipya na jinsi alivyojisifu navyo. Dirisha lenyewe hakuliona popote kichwani mwake.

"Kwa hiyo jana nikasema hapana," mzee akaendelea. "Neno lako nalijua. Kwako kitu kikitolewa, hakirudi. Nikaona kama ni kwenda, basi iende kwa watu. Na sifa nikakupa wewe, maana watoto wangu ndio wanaokula kwa jina lako."

Siafu alitaka kumwambia kwamba amebadilika, kwamba sasa anaokota hata skrubu, kwamba mwaka huu wote hajaita lori la kifusi hata mara moja. Yote yalikuwa kweli, na mzee hakuwa na namna ya kuyajua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

"Baba," akasema mwishowe, "mbona hukuniuliza? Neno moja tu. Ungeniuliza, itolewe iende wapi."

Mzee akamtazama kwa huruma zaidi kuliko lawama.

"Nikuulize saa ngapi, mwanangu? Ukimaliza kusema huwa umeshakata simu."